Mbuzi wa Karabai ya Ma Laurensia

Hapo zamani, watu watatu walishika kamba moja ya mbuzi mmoja, kila mtu anavuta kwake, na mbuzi katikati anatafuna maganda ya ndizi kana kwamba ugomvi haumhusu.

"Mbuzi huyu ni wa shilingi arobaini, na arobaini zote ni zangu!" alisema Ta Rugemalira, fundi viatu.

"Zako umezipata wapi? Achia kamba!" alisema Ma Kokushubila, msukaji wa vikapu.

"Vuteni tu," alisema Nyamwiza, ambaye kazi yake kubwa duniani ilikuwa kuazima. "Mkichoka nitaondoka naye."

Ta na Ma ndivyo wanavyoitwa wakubwa kule kwetu Buhaya. Nyamwiza naye umri wa kuitwa Ma alikuwa nao, lakini mtu aliyeondoka na chumvi yako juzi unamwita kwa jina lake tu.

Na shilingi arobaini za siku zile hazikuwa za kuchezea. Ulinunua shati na suruali, ukabakiwa na za sukari. Tena mbuzi mwenyewe alikuwa na mimba. Basi nitawaeleza walivyofikia kuvutana kamba. Nitaeleza kama ilivyokuwa, sipambi, sifichi. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa.

Kijiji kilikuwa juu ya kilima, migomba mpaka mlangoni. Umeme ulikuwa habari ya mjini. Watu waliwasha koroboi, kile kitaa cha kopo kinachokuachia masizi puani. Taa ya maana ilikuwa moja: karabai ya marehemu Ta Kagaruki. Tungi lake la shaba, mkono wake wa chuma, kioo chake kizima kabisa.

Wapo wanaosema karabai ina uchawi. Waongo hao. Chini kuna tungi la mafuta ya taa. Ubavuni kuna pampu. Unapiga pampu, hewa inabanwa juu ya mafuta, mafuta yanasukumwa kupanda kwenye bomba la moto, yanageuka mvuke. Mvuke unatokea kwenye tundu dogo kuliko jicho la sindano, unaingia kwenye kifuko cha uzi kinachoitwa soksi. Soksi inawaka nyeupe, taa inavuma shhh, na nzi wa jirani wanahamia kwako. Hewa, mafuta, tundu, soksi. Kimoja kikigoma, vyote vimegoma. Mengine ni maneno ya watu wasiowahi kufungua kitu wakakifunga.

Ta Kagaruki alipokuwa hai aliipeleka taa yake kwenye kila harusi, na hakudai hata ndizi moja. Alisema, "Kila binti wa kilima hiki anatoka kwao akiwa na mwanga. Na wangu, siku yake ikifika, atatoka na mwanga huohuo." Kisha akafa, binti yake Kemilembe akiwa bado anaruka kamba. Taa ikatundikwa darini. Miaka saba haikushuka.

Mwaka wa nane Kemilembe akaposwa. Siku ya kumtoa ikapangwa Jumamosi. Ma Laurensia, mjane wa Ta Kagaruki, akaishusha taa siku ya Jumatatu, akaipangusa, akatia mafuta kidogo, akapiga pampu. Pampu ikaingia na kutoka kama kijiko kwenye uji. Hewa hakuna. Taa hakuna.

Mama yule akakaa chini akalia. Halafu akafuta machozi, akatoka uani, akamshika mbuzi wake mmoja aliyekuwa naye, akamfunga kwenye mti wa kahawa mbele ya nyumba, watu wote wakiona.

"Sikilizeni," alisema. "Mwanangu hatatoka kwa baba yake kwa koroboi. Atakayeifanya taa hii iwake, na ikae inawaka mpaka wageni wale, wanywe, waondoke naye, mbuzi huyu ni wake, yeye na kilichomo tumboni mwake. Nimesema mbuzi mmoja. Sikusema nusu."

Yashikeni maneno hayo. Ndiyo yaliyoleta kesi.

Jumatatu hiyohiyo akaja Ta Rugemalira. Akaivuta pampu yote nje, akaitazama, akacheka.

"Ma Laurensia, taa yako haina ugonjwa. Ina uzee. Ona hii ngozi ya mwisho wa pampu. Imekauka, imesinyaa, hewa inapita pembeni."

"Una ngozi nyingine?"

"Ya viatu ninayo, ila ni ngumu, itakwaruza tu." Akatazama miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, jozi moja aliyojishonea mwenyewe kwa ngozi laini ya ndama. Akavua kimoja, akachomoa kisu, akakata ulimi wa kiatu. Akaukata duara, akaulowesha kwenye mafuta usiku kucha, Jumanne akaufunga. Akapiga pampu. Pampu ikauma! Ikarudisha mkono!

"Mbuzi wangu anaitwa nani?" aliuliza Ta Rugemalira.

"Bado haina mwanga," alisema Ma Laurensia. "Washa kwanza."

Sasa karabai haiwashwi kama koroboi. Kwanza bomba lipate moto. Chini ya bomba kuna kikombe kidogo cha kutilia spiriti. Spiriti haikuwapo, wakatumia gongo ya ndizi, pombe kali inayoshika moto.

"Kidogo kwa taa, kidogo kwa fundi," alisema Ta Rugemalira, na mkono wake ukakosea njia mara mbili. Gongo ikawaka buluu, bomba likashika moto, akafungua. Kimya. Hakuna shhh, hakuna hata harufu. Pampu inauma, hewa imejaa, na hakuna kitu kinachotoka.

Jumatano akaja Ma Kokushubila. Vikapu vya mama huyu vilisukwa kwa nyuzi nyembamba mpaka ukimimina maji yanafikiri kwanza. Akainama, akaweka jicho moja kwenye tundu.

"Limeziba," alisema. "Masizi yaliyokauka humo miaka saba."

"Chukua sindano utoboe," alisema Ta Rugemalira.

"Wewe toboa viatu. Tundu hili ukilipanua kidogo tu, taa itatoa moshi mpaka mwisho wa dunia."

Akaagiza waya wa breki ya baiskeli kuukuu, akaufumua, akatoa uzi mmoja. Akaanza asubuhi. Anaingiza, anazungusha, anatoa, anafuta. Anaingiza, anazungusha, anatoa, anafuta. Mchana watoto wakaja mbio: "Ma Kokushubila, tumbili wako kwenye maharage yako!" Akasema, "Nikiinuka sasa mkono utapoteza njia." Hakuinuka. Tumbili wakala maharage, yote, mpaka na majani. Jua likiwa linateremka, akapuliza bomba kwa mdomo, na upande wa pili kukatoka pumzi nyembamba kama ya mtoto aliyelala.

Ma Laurensia akaingia chumbani, akatoa soksi moja aliyoikuta kwenye mfuko wa koti la marehemu. Moja tu. Kilima kizima hakikuwa na nyingine. Wakaifunga, wakawasha gongo, wakafungua.

Shhh!

Mwanga ukaruka uani mpaka kuku wakashuka kwenye mti, wakidhani kumekucha. Watu wakapiga vigelegele. Ma Kokushubila akamtazama mbuzi. Ta Rugemalira akamtazama mbuzi. Walipogeuka kuitazama taa, ilikuwa imeshakuwa njano. Kisha nyekundu. Kisha ikafa.

Wakapiga pampu. Mapigo matano, pampu ikawa ngumu kama ukuta. Ikawaka, ikafa. Wakapiga tena matano. Ikawaka, ikafa.

"Ngozi yako inavuja," alisema Ma Kokushubila.

"Tundu lako linaziba," alisema Ta Rugemalira.

"Ngozi ya kiatu kinachonuka!"

"Mkono wa mama aliyelisha tumbili!"

Alhamisi wakapaka povu la sabuni taa nzima, kila kiungo, wakapiga pampu, wakatafuta kiputo cha hewa. Hakuna hata kimoja. Haivuji. Tundu wakalikagua. Safi. Ijumaa wakarudia. Safi. Na bado inawaka, inafifia, inakufa.

Nyinyi mnaotikisa vichwa, ngojeni. Kulikuwa na jambo mbele ya macho yao na hawakuliona, kwa sababu lilikuja na wema.

Kule kwetu mtu haendi nyumba ya harusi mikono mitupu. Na nyumba hii haikuhitaji ndizi wala maharage, ilihitaji mwanga. Basi tangu Jumatatu kila jirani alikuja na chupa yake ya mafuta ya taa. Na hawakumpa Ma Laurensia mkononi! Kila mmoja alitaka mafuta yake mwenyewe yawake siku ya Kemilembe. Alikuwa anafungua kifuniko, anamimina mwenyewe kwenye tungi, anasema, "Baba yake aliniangazia mimi, leo namrudishia," kisha anafunga. Utamzuia mtu kama huyo? Kumzuia ni kumrudishia zawadi usoni. Na kila taa ilipokufa, watu walisema, "Mafuta hayajatosha," wakaongeza. Tungi ni la shaba, huoni ndani. Walijaza mpaka shingoni. Walijaza mpaka mafuta yakagusa kifuniko.

Jumamosi ikafika. Jua likaanza kupoa. Upande wa bwana harusi walishatoka kwao, ngoma ilisikika bondeni. Pombe ya ndizi iko tayari kwenye vibuyu. Kemilembe ndani anapakwa mafuta, anauliza kila dakika, "Mama, imewaka?" Na mama yake anajibu, "Itawaka," kisha anatoka tena kuitazama.

Saa hiyo ndiyo aliyoichagua Nyamwiza. Akaingia na chupa tupu.

"Hodi wenyewe. Mniazime mafuta ya taa, chupa moja tu."

Watu wakaangua kicheko.

"Nyamwiza, leo?" alisema Ta Rugemalira. "Huoni tuna msiba wa taa?"

"Nami nina msiba wa koroboi. Na nyumba ya harusi haisemi hakuna."

Hilo lilikuwa kweli. Siku ya kumtoa binti, ukisema hakuna, unaitia nyumba yake mpya nuksi. Ma Laurensia akasema kwa uchovu, "Mafuta yote yako humo kwenye taa. Siwezi kuiinamisha nikumiminie."

Na kweli asingeweza. Soksi ya karabai ikishaungua mara ya kwanza haibaki uzi tena, inabaki jivu lenye umbo la soksi. Ukiinamisha taa, imekwisha. Na nyingine hakuna.

"Nani kasema uinamishe?" alisema Nyamwiza. Akaenda nyuma ya nyumba, akakata kikonyo cha jani la boga, kirefu, chenye uwazi ndani. Akafungua kifuniko polepole, akachungulia, akacheka.

"Mama wee! Taa yenu imeshiba. Hata mimi nikila mpaka hapa," akajigusa kooni, "sipumui."

Akaingiza kikonyo, akavuta kwa mdomo. Akavuta mno. Mafuta yakamjaa mdomoni, akatema, akakohoa, machozi yakamtoka, akachomeka ncha hiyo ya kikonyo kwenye chupa aliyoiweka chini ya meza ya taa. Mafuta yakatiririka. Chupa ikajaa. Akatazama huku na huku, akatoa chupa ya pili kwenye upindo wa kanga.

"Ulisema moja!" walipiga kelele.

"Ya pili ni fidia ya mdomo wangu."

Akajaza ya pili. Akafunga kifuniko. Ta Rugemalira, kwa hasira, akashika pampu. Moja, mbili, tano. Laini. Kumi. Laini. Ishirini.

"Ameua pampu yangu! Haiumi tena! Nyamwiza, umeharibu!"

"Endelea kupiga, baba, mapigo si mengi kwa mtu aliyevimba shingo hivyo."

Akapiga kwa kumkomoa. Mapigo arobaini ndipo pampu ikaanza kuuma. Ma Kokushubila akawasha gongo, akafungua.

Shhh!

Wakasubiri ife. Ngoma ikapanda kilima. Haikufa. Wageni wakaingia, wakapewa kahawa za kutafuna, wakakaa. Haikufa. Wakala, wakanywa, mtu mmoja akaanguka na kiti, kila mtu akamwona vizuri anavyoanguka. Haikufa. Kemilembe akatoka chumbani, akasimama chini ya mwanga wa baba yake, akamkumbatia mama yake, na hapo nani asiyelia? Akaondoka na watu wake, na taa bado inavuma.

Ndipo watu watatu wakashika kamba moja.

Ma Laurensia akasema, "Kila mtu aseme lake. Kamba iacheni."

Ta Rugemalira akavua kiatu, akakiinua. "Tazameni kiatu kisicho na ulimi. Nimekwenda nacho mbele ya wageni kama mwendawazimu. Bila hewa hakuna taa, na hewa inabanwa na ngozi yangu. Nilikuwa wa kwanza, nilikata changu nikijua ninachofanya. Mkibisha, naitoa ngozi yangu sasa hivi, tuone kama itaendelea kuwaka!"

Ma Kokushubila akasema, "Ngozi yako ilibana hewa siku nzima na taa haikutoa hata harufu. Mimi ndiye niliyeleta mwanga wa kwanza, mliuona nyote, na kuku waliuona. Nilipoteza shamba la maharage kwa kutoinua mkono. Mkibisha, nalirudishia tundu masizi yake sasa hivi, tuone kama itaendelea kuwaka!"

Nyamwiza akasema, "Nyinyi mliileta taa mpaka kwenye kufa. Siku tatu mnawasha, inakufa. Mlipaka sabuni, mlitukanana, na hakuna aliyefungua kifuniko kuchungulia. Mimi nilichungulia. Hewa ilikosa pa kukaa, ikawa kidogo inayoisha upesi, mimi nikaipa nafasi. Tena nilisema kwa mdomo huu huu wenye mafuta: imeshiba, haipumui."

"Ulikuwa unatania!" alisema Ta Rugemalira. "Ulikuja kuomba mafuta. Hukujua lolote."

"Unajuaje nisichojua? Baba yangu aliuza duka miaka kumi, na dukani kulikuwa na karabai."

"Mbona hukusema Jumatano?"

"Jumatano nani aliniuliza? Mtu akiniona anaficha chumvi."

Watu wakacheka, maana ilikuwa kweli.

"Haya," alisema Ma Kokushubila, "apa kwamba ulijua."

Nyamwiza akamtazama, akaifuta midomo yake. "Siapi," alisema. "Nijue nisijue, taa iliwaka au haikuwaka? Taa iliwaka. Mkibisha, mimi nami nina la kufanya." Akainua zile chupa mbili. "Hili ni deni, si ndiyo? Basi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nalipa deni langu. Nayarudisha mafuta yote kwenye tungi, sasa hivi!"

Ua mzima ukasimama. "Usilipe! Nyamwiza, usilipe!"

Mzee mmoja wa nyuma akasema, "Na sisi tuliotia mafuta je? Taa inawaka mafuta yetu."

"Nyinyi ndio mliokuwa ugonjwa, kaeni chini!" walimjibu wote watatu kwa sauti moja, na hapo tu ndipo walipokubaliana.

Mwingine akasema mbuzi auzwe, shilingi arobaini zigawanywe. Wakahesabu: kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu, inabaki moja, na ile moja ikaanza ugomvi wake. Ma Laurensia akainua mkono.

"Nilisema mbuzi, sikusema shilingi. Nilisema mmoja, sikusema nusu. Mume wangu hakuwahi kugeuza neno, na taa yake ikiwaka juu ya kichwa changu siligeuzi langu. Atapewa mmoja, na atakayempata ataondoka naye bila kusemwa."

Akamfungua mbuzi, akashika kamba mwenyewe. Akamtazama mwenye kiatu kisicho na ulimi. Akamtazama mwenye shamba tupu. Akamtazama mwenye mdomo wa mafuta na chupa mbili za watu. Taa inavuma, uso wa kila mmoja unaonekana mpaka kope. Akapiga hatua moja, na kamba akaiweka mkononi mwa mmoja wao.

Yule aliyempa namjua. Siwaambii, na msinibembeleze.

Mimi nimewapa hadithi nzima, sikubakiza hata tone kwenye tungi. Sikudai kahawa, sikudai pombe. Ninachowadai ni kimoja. Aliyekata kiatu chake, aliyetoa mwanga wa kwanza, au aliyeazima mafuta: kamba ya mbuzi ilistahili mkono wa nani? Haya, nilipeni. Nataka jibu langu.